Miezi Tisa ya Andhrimner: Uchambuzi wa Kisa cha Jarida la Tashtiti, Christiania 1851

Kisa chenyewe kwa ufupi

Kuanzia Januari hadi Septemba 1851, vijana watatu walitoa jarida la fasihi na tashtiti kila wiki mjini Christiania, mji ambao leo tunauita Oslo. Wanunuzi wa kudumu hawakuzidi mia moja hivi. Mwisho wa Septemba jarida likafungwa, na pengine lingesahaulika kabisa kama mmoja wa wale watatu asingekuwa Henrik Ibsen, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia wa Norwei.

Waasisi wanatajwa kwa majina kwa sababu ni watu wa historia. Mchapaji, wateja na wengine waliopita pembeni wameachwa bila majina.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama utangulizi wa maisha ya Ibsen. Hapa nakisoma kama kisa cha uchapishaji: nani aliandikiwa, nani alilipa, na kwa nini malipo hayakutosha. Naona jarida hili halikuuawa na serikali, wala waandishi wake hawakuwa wavivu. Liliamua kumcheka kila mtu katika mji mdogo ambamo watu walilipia magazeti ya upande wao.

Mji na zama zake

Norwei ya wakati huo ilishiriki mfalme na Uswidi, lakini ilikuwa na bunge lake, Storting, na katiba yake ya 1814. Ibara ya 100 ya katiba hiyo ililinda uhuru wa kuchapisha. Raia aliweza kumkejeli waziri gazetini na usiku akalala kwake. Kwa mgeni mambo yalikuwa mengine: Mei 1850 mwandishi mwenye siasa kali, Harro Harring, alifukuzwa nchini, na Ibsen alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kupinga.

Christiania ilikuwa na wakazi elfu thelathini hivi. Hapo ndipo palipokuwa na serikali, bunge, chuo kikuu na jumba la maonyesho, ambalo waigizaji wake wengi walikuwa Wadenmaki. Vitabu vilivyopewa heshima vilitoka Copenhagen, na Kidenmaki ndicho kilichokuwa lugha ya maandishi.

Na siasa ilikuwa imepamba moto. Desemba 1848, mwaka ule wa mapinduzi ya Ulaya, Marcus Thrane alianzisha chama cha wafanyakazi mjini Drammen. Katika muda wa miaka miwili hivi vyama vya namna hiyo vilienea na kufikia wanachama wapatao elfu thelathini, na mwaka 1850 vilimpelekea mfalme ombi lenye saini elfu kumi na tatu hivi. Vilikuwa na gazeti lao pia. Bungeni, Johan Sverdrup aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1851 akijaribu kuwaunganisha wanasheria wa mageuzi na wabunge wa wakulima wawe upinzani mmoja. Jaribio hilo halikufika mbali mwaka ule, na jarida letu lilikuwapo kulishuhudia.

Watu watatu

Aasmund Olavsson Vinje ndiye aliyekuwa mkubwa wao, miaka 32, mtoto wa mkulima asiye na ardhi yake kutoka Telemark. Paul Botten-Hansen, miaka 26, alitoka Gudbrandsdalen. Huyu alikuwa mtu wa vitabu kwelikweli: alivikusanya, alivisoma, na alijua nani ana nakala ya nini. Ibsen alikuwa na miaka 22, mtoto wa mfanyabiashara wa Skien aliyefilisika, na alikuwa ametumikia miaka sita katika duka la dawa huko Grimstad. Yeye na Vinje walipitia shule ya Heltberg, iliyowapika haraka watu waliochelewa kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ibsen alifeli Kigiriki na hesabu.

Huyu kijana alikuja kwenye jarida akiwa tayari ameshaumia. Aprili 1850 tamthilia yake ya kwanza, *Catilina*, ilichapwa kwa jina la kubuni, Brynjolf Bjarme, kwa pesa za rafiki yake. Zilichapwa nakala 250, na zilizonunuliwa zilikuwa chache mno. Ibsen mwenyewe alieleza baadaye, katika dibaji ya toleo la pili la 1875, jinsi walivyoyauza mabaki kwa mchuuzi aliyehitaji karatasi za kufungia bidhaa, na siku zilizofuata hawakukosa mahitaji ya lazima. Yaani mhariri mmoja kati ya watatu aliwahi kula chakula kilichonunuliwa kwa kitabu chake mwenyewe kikiwa karatasi taka. Mtu wa namna hiyo haogopi tena kuchapisha kitu kisichouzika, na nadhani jambo hilo linaeleza mengi kuhusu maamuzi yaliyofuata.

Aliandika pia katika *Samfundsbladet*, gazeti la Chama cha Wanafunzi lililoandikwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Hadhira ile ilijua kila anayetajwa. Ukisema nusu ya jina, ukumbi mzima unacheka. Ni shule nzuri ya kejeli, ila ni kipimo kibaya cha soko.

Mfululizo wa matukio

Jarida lilianza Januari likiwa halina jina. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mchoro wa mwanamume, kwa hiyo watu wakaliita *Manden*, yaani Mwanamume. Kielelezo chake kilikuwa *Corsaren*, jarida la kejeli la Copenhagen lililoanzishwa na Meïr Aron Goldschmidt mwaka 1840.

Waandishi walikuwa wao wenyewe kwa sehemu kubwa: mashairi, habari za maonyesho, vijembe vya siasa, tamthilia fupi. Ibsen alikwenda kukaa kwenye roshani ya wageni bungeni na kuandika aliyoyaona. Botten-Hansen alichapisha *Huldrebrylluppet*, tamthilia ya kishairi kuhusu harusi ya viumbe wa chini ya milima katika ngano za Kinorwei.

Juni ilitoka kazi ambayo leo hutajwa kuliko zote, *Norma, au Mapenzi ya Mwanasiasa*. Ibsen alichukua opera ya Bellini, iliyoonyeshwa kwanza Milano mwaka 1831, akawavua wahusika majoho ya kale na kuwavika siasa za Storting. Katika opera, kamanda wa Kirumi ana mapenzi ya siri na kuhani Norma, kisha anamtupia macho kuhani mdogo, Adalgisa. Katika kejeli ya Ibsen, Norma ni upinzani, Adalgisa ni serikali, na anayesimama kati yao ni mwanasiasa wa mageuzi ambaye moyo wake una nafasi ya wote wawili. Aliyekuwa akifuatilia bunge mwaka huo hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 7 Julai polisi walimkamata Thrane, na wenzake nao wakafuatwa, akiwamo Theodor Abildgaard, rafiki wa Ibsen. Hili lilimgusa Ibsen moja kwa moja, kwa kuwa alikuwa akifundisha katika shule ya Jumapili ya chama na kuliandikia gazeti lao. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba polisi walipoingia kiwandani pa uchapaji kupekua, msimamizi wa wachapaji alizitupa sakafuni karatasi za miswada kama takataka za kufagiwa. Polisi wakachukua zilizokuwa mezani na kwenye makabati, wakaziacha zile walizokuwa wakizikanyaga. Thrane alikaa kifungoni hadi 1858, na miaka mitano baadaye akahamia Marekani. Ibsen hakuguswa, na baada ya hapo hakujiunga tena na harakati za namna ile.

Jarida likaendelea. Katika robo ya tatu ya mwaka lilipewa jina rasmi: *Andhrimner*. Huyo ni mpishi wa miungu wa Skandinavia ya kale, anayempika nguruwe yuleyule kila jioni kwa ajili ya mashujaa waliokufa vitani, na nguruwe huyo kesho yake akawa mzima tena. Robo hiyo ikawa ya mwisho.

Maamuzi na sababu zake

*Kuiga Corsaren.* Uamuzi huu unaeleweka. *Corsaren* ilikuwa imeonyesha kwamba lugha ya Kidenmaki inaweza kubeba kejeli kali, tena ikasomwa na mabwana na watumishi wao vilevile. Ila waliochukua umbo lake hawakuchukua mazingira yake. Copenhagen ilikuwa na watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu, mara nne ya Christiania. Tena katika miaka ya Goldschmidt Denmaki ilikuwa bado chini ya mfalme mwenye mamlaka yote, naye alilazimika kuweka wahariri wa jina tu, watu wa kulipwa waende kortini badala yake. Kila kesi ilikuwa tangazo. Msomaji aliyeinunua *Corsaren* alinunua na ladha ya kitu kilichokatazwa. Huko Christiania, chini ya ibara ya 100, ladha hiyo haikuwapo. Ukimtukana mbunge, mbunge anakohoa na maisha yanaendelea.

*Kutokuwa na upande.* Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote. Watatu hawa hawakuipenda serikali, lakini hawakuuamini upinzani pia, na Norma ni ushahidi: mkuki wake umewalenga zaidi wanamageuzi waliosema sana na kutenda kidogo. Kwa mtazamo wa maandishi, walikuwa sahihi. Upinzani wa mwaka ule ulistahili kuchekwa. Lakini ukiangalia mlango wa duka, mambo yanageuka. Mfuasi wa serikali hawezi kulipia jarida la wanafunzi wenye marafiki katika vyama vya Thrane, na mfuasi wa upinzani hana sababu ya kulipia kioo kinachomwonyesha ana makengeza. Wanabaki wale wachache wanaopenda maandishi mazuri kwa ajili ya maandishi, na katika mji wa watu elfu thelathini hao walikuwa, kama tulivyoona, mia moja hivi.

*Kuandika wenyewe.* Hawakuwa na fedha za kulipa waandishi, kwa hiyo hapa hakukuwa na uamuzi mwingine. Faida yake ilikuwa sauti moja iliyokaza. Hasara yake ni kwamba kila mwandishi wa nje huja na ndugu, rafiki na jirani wanaonunua nakala, na *Andhrimner* ilijinyima mnyororo huo.

*Jina la katikati ya safari.* Sina mengi ya kusema. Kumpa mtoto jina akiwa na miezi sita si dhambi, ila watu walikuwa wameshazoea lile la mitaani, na jina jipya lilidai msomaji ajue ngano za kale ili acheke.

*Kufunga.* Walifunga mwishoni mwa robo ya tatu, si katikati yake. Hawakuliachia jarida lichechemee hadi mwaka mpya. Naliona hili kuwa tendo la busara kuliko yote waliyofanya kama wachapishaji.

Matokeo

Oktoba 1851 Botten-Hansen alikuwa tayari mhariri wa gazeti jingine la kila wiki, *Illustreret Nyhedsblad*, lililodumu hadi 1866. Katika vuli hiyohiyo mpiga fidla Ole Bull, aliyekuwa ameanzisha jumba la maonyesho la Kinorwei huko Bergen, alimchukua Ibsen kama mwandishi wa jumba hilo kwa mshahara wa speciedaler 20 (fedha ya Norwei ya wakati huo) kwa mwezi. Ibsen alikaa Bergen hadi 1857. Vinje alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Drammen, na mwaka 1858 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, *Dølen*, lililoandikwa kwa landsmål, ile lugha iliyosanifiwa na Ivar Aasen kutokana na lahaja za vijijini. Alilitoa kwa vipindi, likisimama na kuanza tena, hadi alipofariki mwaka 1870.

Uchambuzi

Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba kukamatwa kwa Thrane kulitia hofu na kulimaliza jarida. Siafiki. Lilitoka kwa karibu miezi mitatu baada ya msako, na hakuna kati ya watatu aliyefikishwa mahakamani kwa ajili yake. Tena wale mia moja hawakuwa wamekimbia Julai. Tangu mwanzo hawakuwa wamefika idadi ya kutosha. Tukio la polisi linasisimua, na kwa hiyo hupewa uzito kupita kiasi katika simulizi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko katika kulinganisha. Mjini humohumo kulikuwa na *Krydseren* ya Ditmar Meidell, jarida la kejeli lililoanza 1849 na kuendelea hadi 1855, lilipogeuka kuwa gazeti la *Aftenbladet*. Kwa hiyo Christiania haikuwa imekosa watu wa kucheka. Gazeti la Thrane nalo lilitoka katika nchi hiyohiyo maskini, na wasomaji wake wengi walikuwa na senti chache kuliko wanafunzi wa chuo kikuu. Lakini nyuma yake palikuwa na vyama, mikutano na wanachama waliolichukua gazeti kama sehemu ya uanachama wao. *Andhrimner* haikuwa na jeshi la namna hiyo, wala haikutaka kuwa nalo.

Hata hivyo, mfano unaonishughulisha zaidi ni Botten-Hansen mwenyewe. Mtu huyuhuyu, mji huuhuu, wiki chache tu baadaye, na rafiki zake walewale wakimwandikia: safari hii gazeti linaishi miaka 15. Kilichobadilika ni ahadi aliyompa msomaji. *Illustreret Nyhedsblad* ilimpa picha, habari, wasifu wa watu mashuhuri, na fasihi ndani yake. Baba wa familia aliyelipia kwa ajili ya picha alipelekewa na shairi nyumbani bila kuliomba. Katika *Andhrimner* ilibidi upende fasihi ndipo ununue. Sina barua yake inayosema kwamba alijifunza haya kutokana na ile miezi tisa, lakini ukiyaweka majarida mawili pamoja ni vigumu kuamini vinginevyo.

Na Ibsen ndiye aliyefaidika. Tamthilia yake *Fru Inger* ilichapwa katika gazeti hilo 1857, shairi lake *Terje Vigen* likatolewa kwa wasomaji wake kama zawadi ya mwaka mpya 1862, na mwaka 1863 Botten-Hansen akachapisha humo makala ya wasifu wa Ibsen, wakati ambapo nje ya nchi hakuwa anajulikana. Hivyo kitu kilichofanikiwa katika jarida lililokufa ni meza yenyewe: watu watatu waliozoea kusomana kwa ukali, mmoja wao akiwa na uwezo wa kuendelea kuwachapa wenzake.

Upande wa sanaa, walichokijaribu hakikupotea pia. Harusi ya majini wa milimani aliyoiandika Botten-Hansen inatajwa na wasomi miongoni mwa vyanzo vya *Peer Gynt*, tamthilia ya Ibsen ya 1867, yenye jumba la mfalme wa matroli, yaani majini hao wa ngano. Kijana aliyekuwa akikaa roshani ya Storting akiwatazama wabunge kama waigizaji aliwarudia mwaka 1869 katika *De unges Forbund*, tamthilia ya mwanasiasa anayebadili upande kila upepo unapogeuka. Si kusema kwamba *Norma* ni kazi kubwa. Ni nyembamba, na leo inahitaji maelezo mengi kuliko inavyochekesha. Thamani yake ni ya zoezi, na zoezi la wazi linahitaji ukurasa ambao hakuna mhariri mwoga aliyeushikilia.

Vinje alichukua njia ya tatu. Alibaki na tabia ileile ya kuona pande mbili za kila jambo na kuzicheka zote mbili, ila safari hii aliliandika gazeti karibu lote peke yake, kwa lugha iliyokuwa yenyewe ni msimamo. Aliyenunua *Dølen* alinunua Vinje na landsmål kwa pamoja. Hakutajirika, na mwaka 1868 maandishi yake ya siasa yalimgharimu kazi yake wizarani, lakini alikuwa amelipatia gazeti lake kitu ambacho *Andhrimner* ilikikosa: msomaji anayejiona wa nyumbani. Urafiki wa zamani haukumzuia Ibsen kumcheka. Katika *Peer Gynt* yumo kichaa mmoja, Huhu, mpigania lugha ya kale, na wengi wamemwona Vinje nyuma yake.

Inabaki pingamizi moja dhidi ya hoja yangu: je, gazeti la familia lenye picha lingethubutu kuchapa tashtiti inayouma? Kwa mwaka 1851, sidhani. Lakini Desemba 1862 Botten-Hansen alitoa *Kjærlighedens Komedie* ya Ibsen kama zawadi ya mwaka mpya kwa wateja wake, tamthilia inayocheka uchumba na ndoa za watu wa heshima, yaani watu walewale waliokuwa wakililipia gazeti. Mji ulikasirika, na hakuna jukwaa lililoicheza hadi 1873. Hasira zote zilimwangukia mwandishi, na gazeti likaendelea kutoka kwa zaidi ya miaka mitatu.